Gibson Sitamwombea Msamaha

Kaplong,
Sotik.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Mjomba Johana,

Chamgei! Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Calgary, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa baridi sasa unakuacha ulale. Shangazi naye yu hali gani? Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, ng'ombe mwekundu amezaa jike, na Mama bado anachuma chai ingawa tumemkataza mpaka tukachoka.

Ujumbe wako wa simu niliupata Jumatano. Umeniomba nimhurumie Gibson kwa sababu wewe ndiye uliyesimamia harusi yake. Najibu kwa barua kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Naona hukuelezwa yote. Unajua kazi yangu ni kuhesabu mitambo katika kituo cha data kilicho ndani ya ua wa kiwanda cha chai. Gibson alikuwa mkubwa wangu. Yeye ndiye aliyechagua tagi za RFID, vibandiko vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio, za kuwekwa kwenye kila seva, na akachagua zile za passive, zisizo na betri. Ni rahisi, hazizimiki, zinakaa miaka. Lakini ni bubu mpaka kisomaji kiziamshe kwa karibu. Nilimwambia seva za bei kubwa zinahitaji zile za active, zenye betri, ambazo hujitangaza zenyewe kila baada ya sekunde chache. Alinicheka mbele ya watu, akauliza kama nataka kununulia vyuma redio.

Mwezi wa pili seva mbili zilipotea. Kisomaji cha mlangoni hakikuwa kimelia hata mara moja. Basi Gibson akasimama kwenye mkutano, akasema kwa upole kabisa, "Mimi sitaki kuonea mtu, lakini ufunguo anaweka Loice." Mjomba, nilirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Wiki kumi na moja nilichuma chai na Mama, na kwenye kituo cha kuuzia majani wanawake waliacha kuongea kila tulipofika. Mama aliinamisha kichwa. Hilo ndilo siwezi kumsamehe; ya kwangu ningeyameza.

Nikiwa shambani nilipata muda wa kufikiri. Unakumbuka chai ya kusafirishwa inavyopakiwa, kwenye magunia ya karatasi yenye foili ndani ili isiingie unyevu? Tagi isiyo na betri ukiifunga kwenye foili, kisomaji hakiioni kabisa. Nani angeshuku gunia la chai kwenye ua wa kiwanda cha chai? Na Gibson alikuwa akipitisha mlangoni petu sampuli za chai za kupeleka ofisi ya kiwanda kila wiki kwa mkokoteni.

Nikamwandikia mkurugenzi, Bi. Nyanchama, kurasa nne za kulinganisha tagi hizi mbili. Sikuidharau passive, kwa nyaya na skrini inatosha. Sikuisifu active kupita kiasi pia, kwa sababu bei yake inauma na betri itakufa baada ya miaka michache. Foili inaiziba hata hiyo. Tofauti ni kwamba passive ikizibwa hakuna anayejua, lakini ile inayojitangaza ikinyamaza ghafla, kompyuta inauliza imeenda wapi.

Bi. Nyanchama alinirudisha kazini kwa majaribio. Nilimwomba Gibson asiambiwe chochote, akakubali. Tulificha tagi za active nyuma ya vifuniko vya plastiki vya seva kumi na mbili, tukaziacha zile za zamani zikionekana vilevile. Ndiyo, nilimtegea. Nilimwamkia kila asubuhi kwa tabasamu na kumchemshia chai, huku nikihesabu siku.

Jumanne iliyopita, saa saba na dakika kumi na nne, seva moja ilinyamaza. Mlangoni kimya, kama kawaida. Nikampigia simu Mageto, bawabu wetu, akafunga geti na kumwomba Gibson aonyeshe sampuli. Juu ya mkokoteni kulikuwa na pakiti tatu za chai. Chini yake gunia la foili, na ndani ya gunia seva yetu. Gibson akanigeukia, akasema, "Loice, hata wewe?" Fikiria! Mimi!

Jana mkewe Janeffer alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Alilia, akasema, "Wewe andika tu mashine ilikuwa na shida. Watoto wataaibika." Nilimhurumia, maana hakuiba yeye. Lakini nilimwambia mashine haikuwa na shida, na kwamba mama yangu pia ana uso. Kibuyu alirudi nacho.

Bi. Nyanchama ameacha uamuzi mikononi mwangu. Nisipoandika taarifa, Gibson atapoteza kazi tu na kuondoka kimya, na kwa watu wengi mwizi nitabaki mimi. Nikiandika, ataenda mahakamani, na kila mtu kuanzia Sotik mpaka Sigowet atasikia jina lake badala ya langu. Kesho saa tatu asubuhi nitaandika, Mjomba, tena kwa herufi kubwa.

Najua utahuzunika, na kukuhuzunisha kunaniuma. Wewe ni mtu wa maombi, basi nina ombi moja. Usiombe nimsamehe, bado sijafika huko. Omba tu siku atakaposimama kizimbani, nami nikiwa nimeketi na Mama benchi la mbele, nisicheke.

Msalimie Shangazi, Vinny na mdogo wake Chemutai. Mama anakusalimu sana, na kaka yangu Kiptum anasema asante kwa viatu. Bwana akulinde kwenye baridi ya huko na akurudishe kwetu ukitembea wima.

Mpwa wako akupendaye hata leo,
Loice Chepngetich