Maneno Niliyoyakata Katikati ya Wimbo

Nakuru,
Mei 2008

Dada yangu mpenzi Mghoi,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na cherehani yako ilipona, au bado unashonea kwa jirani? Mvua huku imenyesha vizuri na mwilini sina ugonjwa wowote. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu ningelia, na Mutua angesikia. Mama msomee mwanzo tu, hadi pale ninapofika Longonot. Kuanzia hapo ni yako peke yako.

Siku ya harusi ulinionya kwamba utamu wa ndoa huisha miezi mitatu. Sasa ni mwezi wetu wa saba, Dada, na bado nikisikia baiskeli ya Mutua ikigonga geti moyo wangu unaenda mbio kama wa mwizi. Anatoka gereji na grisi hadi kwenye viwiko, na hanigusi mpaka anawe kwa sabuni ya unga mara mbili. Majirani wanatucheka. Mama mmoja wa ploti yetu aliniambia, "Wewe bibi harusi, punguza kutabasamu, utamaliza meno." Sikupunguza. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kupendwa hivi kila siku, hata siku ya kufua.

Zawadi kubwa ya harusi yetu ilitoka kwa tajiri wa Mutua, Bwana Harjit, mwenye gereji. Alikuwa anasafisha stoo ya marehemu baba yake, akatupatia gramafoni moja ya umeme pamoja na kompyuta kuukuu ya ofisini, ile yenye mgongo mkubwa kama jiwe la kusagia. Mutua alikaa na nyaya Jumapili nzima, akaiunganisha gramafoni na kompyuta, kisha akaniita.

"Njoo uone, mke wangu. Nyimbo za mzee sasa zinaingia humu."

Mzee ni baba yake, Mzee Kioko, aliyestaafu reli na anaishi Longonot na mbuzi wake. Siku tulipokwenda kumwamkia baada ya harusi alitupa sanduku la santuri arobaini, karibu zote za Kikamba. Yeye hakuwa na gramafoni. Aliiuza mwaka aliokufa mkewe, wakati Mutua alikuwa na miaka miwili, na hakununua nyingine. Alipotukabidhi sanduku alisema neno moja tu: "Sikilizeni zote. Msiruke hata moja." Nilidhani ni mapenzi ya mzee kwa muziki wa ujana wake.

Kazi hii haina haraka, Dada. Wimbo wa dakika nne unataka dakika zake nne. Unaiosha santuri kwa maji ya sabuni, unaikausha kwa pamba, unaweka sindano, halafu hutembei, kwa sababu ubao wa sakafu ukilia sindano inaruka. Kwa hiyo tulikuwa tunaketi wawili kwenye kiti kimoja, kimya, kichwa changu shingoni mwake, tukingoja wimbo uishe. Sijawahi kukaa kimya kwa furaha kama ile.

Mutua alipozidiwa na kazi, nilianza kufanya peke yangu mchana. Nilijifunza upesi. Kwenye kioo cha kompyuta sauti inaonekana kama vilima, gitaa likipanda na wewe unaona mlima. Mtu akizungumza tu, inakuwa kama nyasi fupi. Na nyimbo za kina Mzee zina mazungumzo mengi, wewe unajua. Katikati muziki unashushwa, mwimbaji anaanza kusalimia watu, fulani wa Machakos, fulani mwenye duka. Mimi Kikamba sijui. Kompyuta nayo ilikuwa imejaa, kila siku inaniandikia kwamba nafasi imekwisha. Basi nikaanza kukata nyasi. Nilikata salamu zote, nikaunga wimbo na wimbo kama ulivyonifundisha kuunga kitambaa, mshono usionekane. Nafasi ikapatikana, na nyimbo zote zikaenea kwenye CD tatu.

Mutua alisikiliza jioni, akanibusu mikono yote miwili. "Wewe ni fundi kuliko mimi," alisema. Kulikuwa na wimbo mmoja alioupenda kuliko mingine, wenye gitaa linalokimbia. Aliupiga kila asubuhi akinyoa ndevu.

Mwanzo wa mwaka, unakumbuka, barabara zilifungwa kwa ghasia za uchaguzi na hakuna aliyekwenda popote. Zilipotulia, Mutua alimpa dereva wa lori anayemfahamu lile sanduku amrudishie Mzee, kwa sababu Mzee alikuwa anaulizia. Lori likaharibikia Naivasha, likasimama siku mbili juani, na sanduku lilikuwa juu kabisa, chini ya turubai jeusi. Utingo ndiye aliyetupigia.

"Boss, hizi sahani zenu zimekuwa chapati."

"Zote?"

"Zote, boss. Zingine zimeshikana kabisa. Pole sana."

Mutua akacheka. "Si kitu. Tungekuwa hatujaziingiza kwenye kompyuta, hapo ndipo ningelia." Mimi nikajiona nimeokoa nyumba ya watu. Dada, nilijivuna siku ile. Nilimwambia hata yule mama wa ploti.

Tulikwenda Longonot siku ya Jumamosi, tumebeba CD na redio ndogo ya kuzipigia. Mzee alikuwa amevaa koti la suti. Alikuwa ameweka viti vitatu nje na kitambaa juu ya meza, na amenyoa. Sanduku lililofikishwa na lori lilikuwa pembeni, hakulalamika. Alisema tu, "Tuanze na ule wa marehemu binamu yangu."

Ndio ule wa gitaa linalokimbia. Mutua alifurahi, akasema, "Baba, huu ndio wangu." Mzee akamtazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Ndiyo. Ni wako." Akamshika mkono.

Wimbo ukaanza. Mzee alikuwa anahesabu kwa kidole gotini. Ulipofika mahali fulani aliinua kidole, akafumba macho, na wimbo ukapita ukaendelea. Akafumbua macho. Uliisha, akasema, "Rudia." Mutua akarudia. Mzee akainua kidole palepale, na wimbo ukapita tena.

"Huu si wote," alisema.

"Ni wote, Baba," Mutua akamjibu. "Nyimbo za santuri zote arobaini zipo."

"Wimbo upo. Maneno yako wapi?"

Nikasema, "Baba, ni mimi. Nilikata mahali wanapozungumza. Nilidhani ni mazungumzo tu."

Alinitazama muda mrefu, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Yalikuwa mazungumzo tu, mama," alisema.

Halafu akatueleza. Siku binamu yake aliporekodi wimbo ule Nairobi, Mzee alikwenda na mkewe kumwangalia. Katikati ya wimbo binamu akamwita shemeji yake kwenye kipaza sauti, akamwambia naye asalimie watu. Yule mama alikuwa na mimba. Akasema namsalimu huyu niliye naye hapa tumboni, ambaye bado sijui jina lake, akija akute muziki unampokea. Akacheka. Ndivyo ilivyoingia kwenye santuri. Mutua ndiye aliyekuwa tumboni. Mzee hakuwahi kumwambia. Alikuwa akingoja siku Mutua atakapokuwa na nyumba yake na gramafoni yake, aisikie mwenyewe ghafla, bila kuambiwa na mtu.

Mutua aliinuka, akaitoa santuri ile kwenye sanduku, imejikunja kama jani la mgomba, akaibeba hadi hapa Nakuru. Tuliijaribu kwenye gramafoni. Sindano inaruka kama mbuzi na kuanguka kando. Tuliiweka kati ya vioo viwili vyenye joto, ikapasuka. Kwenye kompyuta nilikwisha kufuta rekodi ya kwanza, ile isiyokatwa, ili kupata nafasi. Mutua ameuliza kwa wauza santuri wa Nakuru na Naivasha, hakuna anayeijua. Mzee anasema zilitengenezwa nakala chache sana, wakapeana wenyewe kwa wenyewe.

Hajanigombeza. Bado ananawa mara mbili. Asubuhi ananyoa bila muziki.

Nisalimie Mama, na umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji yangu, mume wako, na watoto wako wote, hasa yule mdogo aliyenibebea maua ya harusi. Mjomba wetu wa Voi anayeuza redio mwambie shikamoo yangu, na umwulize kama amewahi kuona santuri ya Kikamba yenye lebo ya kijani iliyoandikwa kwa kalamu. Najua atasema hapana. Mwulize tu.

Sasa hili la mwisho, Dada, ambalo sijamwambia mtu. Kumbuka kwamba mimi niliisikia sauti ya mama yake Mutua. Ili kukata vizuri nilirudia pale mara tano au sita. Mbali na Mzee, ni mimi tu niliyeisikia sauti ile, na Mzee anasema kwake imechanganyika na sauti za miaka mingine. Kwa hiyo Mutua ananiuliza mimi. Si kila siku, lakini taa ikizimwa anaanza. Ilikuwa nzito au nyembamba? Alizungumza haraka? Nilimwambia nyembamba kidogo, ya mtu aliyechoka lakini mwenye furaha, akalala ameshika mkono wangu. Kesho yake akaomba nirudie. Juzi akaniuliza kama mama yake alicheka kabla ya kusema au baada.

Nikamwambia baada.

Sijui, Dada. Wakati ule nilikuwa natazama kioo, natafuta nyasi zinaishia wapi. Lakini alitabasamu gizani, niliisikia pumzi yake ikibadilika, na kesho nitalazimika kulishikilia jibu lilelile.

Mdogo wako anayekupenda,
Wakesho