Masika Bado Hasikie

Jumatatu, 7/5/2001
Siku ya kumi na mbili na Masika ku kifua. Ninakamua maziwa, ninamupa na kijiko, ninamurudisha ndani ya kitenge, ngozi ku ngozi. Alizaliwa na miezi saba. Infirmière, muuguzi wa maternité, alisema: "Madame, couveuse ya kupasha mutoto joto hapana, courant ya umeme hapana. Wewe mwenyewe utakuwa kangourou." Nilicheka. Ninafundisha biologie, ile nyama ya pori ya kubeba mutoto mu mufuko sijaiona hata siku moja, leo ni mimi. Paluku, baba yake, eko Beni na bidhaa. Barabara imefungwa juu ya vita. Hajamuona mutoto yake.

Jumatano, 9/5
Risasi mu quartier, mutaa yetu. Wote tumelala chini. Masika hata hakutikisika. Mama mukwe anasema ni baraka. Mimi nimejiuliza: anasikia kweli?

Alhamisi, 10/5
Mama mukwe amepiga sufuria na mwiko karibu na kichwa yake. Mara tatu. Hapana kitu. Ameenda kuchambua maharagi. Nimemukasirikia bure. Mutoto wangu ni kiziwi. Nimeandika. Basi.

Jumapili, 13/5
Sikuenda ku misa. Nimefungua cahier, daftari yangu ya masomo. Maandishi yangu mwenyewe: mutoto wa kangourou anazaliwa masikio imefungwa. Inafunguka ndani ya mufuko, na ubongo inajifunza polepole kupokea sauti. Miaka ine ninafundisha ile, leo ndiyo nimeisoma. Lakini Masika masikio yake iko wazi. Pengine ninajidanganya.

Jumatatu, 14/5
Infirmière anasema ubongo yake ingali changa, anaweza kusikia bila kuonyesha. Tungoje. Halafu ameniuliza: "Munamusemeshaka?" Tangu basoda na bunduki zao baingie mu muji, nyumba yetu yote inanong'ona. Na mama mukwe anaogopa kumuita jina kabla apate kilo za kutosha, tusimuzoee halafu atufie. Siku kumi na tisa, hakuna mutu amemuita Masika kwa sauti. Mujinga mimi!

Ijumaa, 18/5
Nimemufundisha Masika chlorophylle, ile kijani ya majani. Nimemuimbia na hii sauti yangu mubaya. Mama mukwe pia ameanza, na haya kidogo: "Masika we! Masika wangu!" Hapana kitu. Tunaendelea.

Jumamosi, 2/6
Risasi, saa tisa ya muchana. Masika ameruka! Mikono yote mbili wazi, halafu kilio. Mama mukwe amepiga vigelegele chini ya meza, na risasi ingali inalia. Nimecheka, nimelia. Halafu haya imenishika. Nilimuomba Mungu mutoto asikie, na risasi ndiyo kitu ya kwanza amesikia. Nimeziba sikio yake na mukono.

Jumanne, 5/6
Barabara imefunguka. Paluku amefika, vumbi hadi ku kope. Swali ya kwanza: "Anasikia?" Kumbe habari ya masikio ilimufikia Beni, hata barabara imefungwa. Masika alikuwa ananyonya, kijiko imekwisha, na mukono yangu ilikuwa ingali ku sikio yake, imekuwa mazoea. Nimeitoa. Nimemuambia Paluku: musemeshe.
Aliogopa, mwanaume muzima. Halafu alisema jina ya mutoto, polepole.
Masika aliacha kunyonya, akasikiliza. Akaendelea kunyonya.