Andulile Hakunikosea Kitu

Jumatatu, 5 Mei 1913

Mvua asubuhi, kisha jua. Wasichana ninaowafundisha wamekuja nusu tu, wengine wako mashambani wanafukuza ndege kwenye mpunga. Tumeshona pindo. Tumesoma ukurasa uleule wa juzi. Mama amechoma vyungu vyake mchana na moshi wote ukaja darasani. Tumekohoa mpaka kengele.

Andulile anarudi Jumamosi. Mwaka mzima amefundisha shule ya Ngana, ng'ambo ya mito. Bwana mchungaji anamleta hapa ziwani awe mwalimu wa wavulana, na baada ya mavuno tufunge ndoa. Nimefua kitambaa changu cha kichwa mara mbili. Kilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Naandika Kiswahili, nilichojifunza nilipokuwa yaya kwa Wazungu wa boma. Nyumbani hakuna anayekisoma. Basi naweza kusema hapa kwamba nampenda mpaka naona haya.

Jumamosi, 10 Mei

Amefika. Sijui nianzeje.

Mtumbwi kutoka Mwaya ulikaribia alasiri. Upepo wa kusini, mawimbi. Tulikuwa wengi ufukweni. Nilimwona amesimama katikati ya mtumbwi, kanzu nyeupe, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na machozi yalinilenga kwa furaha. Kisha akashuka. Aliishika kanzu kwa mikono miwili, akaipandisha mpaka magotini, akaja nchi kavu akirukaruka, mguu huu, mguu ule, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Na sauti nyembamba: Uwii! Uwii!

Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Nilicheka na watu. Halafu kitu ndani yangu kikazimika.

Alinishika mikono. "Ugonile, Tupokigwe." Hiyo ni salamu yetu ya siku zote, nami niliingoja mwaka mzima. Mikono yake ilikuwa na maji. Nilitaka kuifuta yangu.

Nitalala. Kesho itakuwa imepita.

Jumapili, 11 Mei

Haijapita.

Kanisani anaimba kwa sauti kubwa. Tangu zamani anaimba hivyo, na zamani nilikuwa nikiwahi benchi la mbele ili nimsikie. Leo nimegundua kwamba mstari ukiisha yeye bado yumo. Watu wote wamenyamaza, yeye anamalizia peke yake huku anatetemesha sauti. Nilitazama miguu yangu mpaka sala ya mwisho.

Jumatano, 14 Mei

Amekula kwetu. Ndizi na mbasa. Ananyonya kichwa cha samaki: jicho, shavu, mfupa mmoja baada ya mwingine. Kisha anaipanga mifupa ukingoni mwa sahani, mikubwa huku, midogo kule. Mama amefurahi sana. Kwake mgeni anayemaliza kichwa amemheshimu mpishi.

Nilisema nakwenda kuteka maji. Mtungi ulikuwa umejaa. Niliumwaga nyuma ya nyumba ili niwe na sababu.

Jumamosi, 17 Mei

Anasema "sivyo?" mwisho wa kila neno, na anangoja ajibiwe. Anapuliza uji hata ukiwa umepoa. Ukucha wa kidole cha mwisho ameuacha mrefu, anajikunia sikio nao kisha anautazama. Anacheka kwa pua.

Nimeyasoma niliyoandika hapo juu. Aibu tupu. Hakuna hata moja lililo dhambi. Andulile hanywi, hapigi mtu, haongopi. Jana alimbebea mama udongo wa vyungu kutoka mtoni bila kuombwa, akafika na tope mpaka shingoni, akafurahi kama amepewa zawadi. Ni mtu mwema kuliko mimi.

Nimemwomba Mungu anirudishie macho yangu ya zamani.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia Sekela, binti wa baba mdogo. Tumekua pamoja, simfichi kitu. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema kila bibi arusi huogopa. "Mume wangu anakoroma kama kiboko. Siku hizi asipokoroma sipati usingizi."

Si woga. Woga naujua. Andulile akinikaribia, ngozi yangu inarudi nyuma yenyewe, kabla sijaiambia.

Ijumaa, 23 Mei

Amekwenda Ipinda kwa miguu kuninunulia kitambaa cha gauni. Amerudi jioni, mvua imempiga njia nzima. Yeye chepechepe, kitambaa kikavu kabisa, kimefungwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa kichwani. Cheupe chenye maua madogo ya buluu.

"Nilichagua mpaka mwenye duka akakasirika. Kitakupendeza, sivyo?"

Ndicho ambacho ningekichagua mwenyewe. Na mimi, badala ya kumtazama machoni, nilikuwa natazama tone la maji kwenye ncha ya pua yake, nangoja lidondoke. Halikudondoka. Hakulifuta. Nilisema ndaga, asante, nikaingia ndani.

Nimekililia kitambaa. Mama ameona, akadhani ni furaha. Amenipapasa mgongo.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya kanisa baba alitaja siku ya harusi. Jumapili ya mwisho ya Juni. Nilingoja amalize kula, nikasema sitaki.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekutukana?"

"Hapana, tata."

"Ni mlevi?"

"Hapana."

"Basi amekufanya nini?"

Baba si mkali. Aliuliza polepole, akanisubiri. Ng'ombe wa mahari wa Andulile walikwisha kutoka kwetu kwenda kwa wakwe za kaka yangu, na mke wa kaka alikuwa pale pale anatoa vyombo, mimba yake kubwa. Wote wananitazama. Nilitafuta neno. Nilichoona ni kanzu imepandishwa magotini. Utamwambiaje baba yako jambo kama hilo?

Nikasema, "Nasikia ana mwanamke Ngana."

Sikusikia kwa mtu yeyote. Lilitoka kinywani, likawa limekwisha kutoka. Wifi yangu aliinama haraka kama mtu aliyeangusha kitu. Mama alisema, "Yesu wangu."

Jumanne, 27 Mei

Baba ni mzee wa kanisa. Hakuweza kulikalia neno kama lile. Jana alilipeleka kwa Bwana mchungaji. Leo Andulile amesimamishwa kufundisha, na haruhusiwi kwenye meza ya Bwana mpaka ukweli ujulikane.

Wasichana wangu walikuwa wananong'onezana. Niliwafokea. Mmoja akalia.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Chakula cha jioni nimekirudisha chunguni.

Alhamisi, 29 Mei

Amekuja. Hakuingia ndani. Alisimama upenuni, kofia mkononi.

"Nani amekuambia?"

Niliokota ufagio, nikafagia palipokwisha fagiliwa.

"Nitajie jina tu. Sitagombana naye."

Niliendelea kufagia.

"Na wewe unaamini?"

Hapo hapo ningesema hapana, yote yangekwisha. Nilitazama mlango.

Akasema kesho atakwenda Ngana. Atarudi na mzee wa kanisa wa kule aliyempa chumba mwaka mzima, mzee aseme mbele ya wenzake jinsi alivyoishi. Mvua za mwaka huu hazijaisha. Mto Mbaka umefurika, na kwenye kivuko cha mto Kiwira kuna mamba.

"Usiende," nilisema.

Alinitazama na uso wake wote ukafunguka. Alidhani nimesema kwa mapenzi. Nilisema kwa sababu najua safari yenyewe ni ya bure. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 30 Mei

Ameondoka alfajiri. Mvua nzito milimani.

Jumapili, 1 Juni

Watu wa Mwaya walikuja kanisani na habari kwamba mtumbwi umepinduka kwenye kivuko cha Kiwira. Nani alikuwemo, hawajui.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda nyumbani kwa Bwana mchungaji. Wazee walikuwa wameketi pale, baba kati yao. Nilipiga magoti nikasema niliongopa. Hana mwanamke. Sikusikia kwa mtu. Nimelitunga mwenyewe.

Bwana mchungaji aliniuliza kwa nini.

Ningeweza kutunga tena. Nilikuwa nimechoka kutunga. Basi nikawaambia. Jinsi alivyoshuka mtumbwini. Sauti ile. Wimbo unaobaki nyuma ya watu. Kichwa cha samaki, ukucha, pua. Kadiri nilivyosema ndivyo yalivyozidi kuwa madogo, mpaka nikawa kama mtoto anayeshitaki kwamba mwenzake amemwangalia. Kisha mzee mmoja akacheka. Halafu wa pili, mkono mdomoni, mabega yanatikisika.

Baba hakucheka. Alichukua fimbo yake akatoka.

Mimi sasa ndiye nimesimamishwa kufundisha, na mimi ndiye sitakaribia meza. Ni haki. Lakini Andulile yuko wapi?

Jumatano, 4 Juni

Yuko hai. Mtumbwi uliopinduka ulikuwa wa wachuuzi wa chumvi, nao wameokolewa. Amefika na mzee wa Ngana, wote wawili tope mpaka kiunoni. Mzee ana miaka mingi, kavuka mito yote hiyo kwa ajili yake.

Maneno yangu waliyasikia njiani, kabla hawajafika. Ziwa zima linajua. Watoto wanarukaruka ufukweni wameshika nguo zao: Uwii! Uwii!

Nilidhani uongo ndio jambo baya kuliko yote ningeweza kumfanyia. Uongo ungesafishwa. Mzee wa Ngana angesema neno lake na kila kitu kingekwisha. Huu ukweli, nani atamsafisha nao?

Alhamisi, 5 Juni

Alikuja tena upenuni.

"Uliyowaambia ni kweli?"

"Ni kweli."

"Maji yalikuwa ya baridi tu, Tupokigwe."

Nikasema najua.

"Ungeniambia. Ningejirekebisha."

"Nikuambie nini? Hayakuwa makosa."

"Sasa yalikuwa nini?"

Nilimwambia sijui. Ndilo neno la kweli kabisa nililonalo.

Alisimama pale. Macho mekundu, homa ya njiani. Nilingoja. Mtu mwema, nimemwaibisha mbele ya nchi nzima, na bado amekuja kuniuliza kwa upole. Nilisema moyoni, sasa upendo utarudi, hata kama ni kwa huruma. Akavuta kamasi. Haukurudi. Sijapata kujichukia namna ile.

Nilipomletea kitambaa alirudi nyuma hatua.

"Kaa nacho. Nilikichagua kwa ajili yako. Nitampa nani?"

Jumapili, 8 Juni

Baba yangu na mjomba wa Andulile wamekaa kikao. Ng'ombe watarudishwa kidogo kidogo, kadiri wanavyozaa. Kaka hanisalimii. Mimi napelekwa Ndandalo kwa shangazi, nimsaidie mavuno. Hakuna aliyesema nitarudi lini, sikuuliza.

Andulile ameomba arudishwe Ngana. Bwana mchungaji amekubali.

Sikwenda kanisani. Sekela amekuja kuniaga. Anasema leo Andulile hakuimba.

Jumanne, 24 Juni. Ndandalo

Mpunga umekatwa, sasa tunauanika. Kazi ya mchana kutwa ni kugeuza kwa mguu na kufukuza kuku. Shangazi haongei sana. Majirani wanajua, wananitazama kidogo kisha wanaendelea na kazi zao. Nimeshazoea.

Mama amekuja leo. Alipeleka vyungu sokoni Ipinda, akazunguka kunipitia. Ameniletea usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwetu, na kitenge chake kimoja. Kwetu wazima. Wifi amejifungua msichana. Baba kikohozi. Habari za Andulile hakuzigusa, nami sikumlazimisha.

Tulikaa kwenye mkeka tunachambua mawe kwenye mchele. Nikamuuliza, "Mama, mimi nina kero gani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Unasaga meno ukilala. Unamjibu mtu kabla hajamaliza. Ukichambua mchele unavuta pumzi kama unapanda mlima. Hapo unafanya."

Nilijisikiliza. Kweli.

"Tangu lini?"

"Tangu umeota meno."

"Na hukuniambia?"

"Ili iweje?" Alitupa kijiwe upande, akaendelea kuchambua.

Analala hapa leo, ataondoka alfajiri. Nimemtandikia upande wa ukutani, mbali kidogo na meno yangu.