Nukta ya Dakika Sita

Jumamosi, mwezi wa tatu. Mvua ilikatika alfajiri, na hapa Pasiansi ziwa limekuwa jeupe kama bati jipya.

Moyo wangu haujatulia tangu saa nne asubuhi. Nina umri wa miaka sitini na tisa, nimefundisha kwa miaka thelathini na mitano, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilipiga makofi peke yangu chumbani. Leo nimepiga.

Nianze mwanzo, maana habari isiyopangwa ni kelele.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya shabaha iliyo nje kidogo ya Usagara. Marehemu mume wangu ndiye aliyenipeleka huko mara ya kwanza, na alipofariki dunia niliendelea, kwa bastola yangu na kibali changu. Kanuni ya klabu kwa sisi wazee ni moja: risasi kumi, umbali wa mita kumi na tano, nane ziingie ndani ya duara. Anayeshindwa mara tatu mfululizo huacha nafasi yake ya kupiga na kuhamia kwenye meza ya kuandika alama. Nilikuwa nimeshindwa mara mbili. Leo ilikuwa zamu yangu ya tatu ya kujaribu.

Sikuitaka ile meza. Nimeandika alama za watu wengine maisha yangu yote.

Tatizo ni macho. Bastola ya kawaida humtaka mpigaji aoanishe kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha yenyewe, na jicho la uzee haliwezi kuona vyote vitatu kwa pamoja. Kilengeo cha nukta huondoa mzigo huo. Ni kioo kidogo kinachofungwa juu ya bastola, na ndani yake huonekana nukta nyekundu. Unaitazama shabaha tu. Nukta inaelea juu yake.

Basi ikaja kazi ya kuchagua ukubwa wa nukta. Hupimwa kwa dakika za pembe, si za saa, na dakika moja hufunika karibu sentimita tatu kwenye umbali wa mita mia. Nilipiga hesabu kwa umbali wetu wa mita kumi na tano. Nukta ya dakika mbili hufunika eneo la punje ya hindi. Ya dakika sita hufunika kizibo cha soda.

Nilichagua punje ya hindi.

Ninakiri kwamba sababu ilikuwa majivuno. Miaka yote niliyosahihisha madaftari, kalamu yangu nyekundu ilikuwa na ncha nyembamba, na niliwadharau walimu waliochora alama kubwa kana kwamba wanapaka rangi ukuta. Niliamini nukta kubwa ni ya watu wasio makini. Editha, mwalimu wetu wa shabaha, binti wa Muleba asiyepoteza maneno, alinishauri nijaribu zote mbili kwanza. Nilimjibu kwamba ninajua ninachokitaka.

Bwana Maganga, mwenye duka la silaha mjini, akanifungia kilengeo cha dakika mbili Jumamosi iliyopita. Nilipofika nyumbani niliielekeza bastola tupu ukutani, nikachungulia. Sikuona nukta. Niliona kishada: nukta tatu au nne zimeshikana kama zabibu, zikiwa na mkia. Nikaongeza mwanga, kishada kikageuka nyota.

Nikakasirika, na nikikasirika huandika. Sikutuma ujumbe wa simu. Niliandika barua rasmi yenye anwani mbili na kichwa kilichopigiwa mstari, "Yah: Kuuziwa Kifaa Chenye Kasoro", aya nne zenye namba, sahihi yangu, na nakala kwa mwenyekiti na katibu wa klabu. Jumatatu niliipeleka dukani mwenyewe, nikaiacha mezani na kuondoka bila kuketi.

Jumatano nilikwenda Usagara kumwonyesha Editha ubovu huo. Aliniamkia, akaipokea bastola, akahakikisha haina risasi, akaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga. Kisha akapiga picha kwa simu yake kupitia kile kioo, akanipa nitazame.

Nukta moja. Duara kamili, safi.

"Mama Mwalimu," alisema taratibu, "simu haijazeeka."

Niliketi kwenye benchi. Kilengeo kilikuwa kizima. Kilichopinda ni uso wa jicho langu, na nukta ndogo yenye mwanga mkali hutawanyika ndani ya jicho la namna hiyo. Editha alinieleza bila kunicheka, kisha akanipa bastola yake, tupu, yenye nukta ya dakika sita iliyopunguzwa mwanga. Duara halikuwa kamili. Lilifanana na kiazi kidogo. Lakini kilikuwa kiazi kimoja, na jicho langu lilikipata mara moja, bila kukitafuta. Akanivua na miwani ya kusomea niliyozoea kuivaa pale, akaniambia nivae ile ya kuonea mbali, kwa kuwa sasa ninatazama shabaha.

Shemeji Masanja, mdogo wake marehemu, alikuwa karibu, na utani wetu haujawahi kupumzika. Aliomba naye achungulie, akasema nukta ile ni kubwa kama jicho la sangara, na kwamba mwisho nitataka nifungiwe taa ya lori. Nilimkumbusha kwamba mwezi uliopita yeye mwenye macho mazima ndiye aliyeutoboa ubao wa namba badala ya shabaha.

Alhamisi nilirudi dukani. Bwana Maganga alinibadilishia kilengeo bila swali lolote. Barua yangu ilikuwa mezani, imekunjuliwa. Nilisubiri anilaumu.

"Barua yako imeandikwa vizuri sana, Mwalimu," alisema, akaendelea kukaza skrubu.

Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama sifa ile. Nilitaka kumwomba radhi. Nilishukuru tu, nikatoka.

Ijumaa Editha na mimi tulikirekebisha kilengeo kipya mpaka risasi zikawa zinatua pale nukta ilipo. Na leo, saa nne, nikasimama kwenye mstari. Shemeji Masanja ndiye aliyekuwa na zamu ya kuandika alama.

Risasi ya kwanza iliingia. Ya pili ilitoka nje ya duara, nami nilijua kwa nini kabla Editha hajafungua mdomo: nilikuwa ninaishangaa nukta. "Tazama karatasi, Mama," alisema nyuma yangu. Nikaitazama karatasi ya shabaha. Nukta ikaja yenyewe, kubwa, imefifia, haina haya. Tangu hapo sikuhesabu tena. Nilivuta pumzi, nilifyatua, nilivuta pumzi.

Masanja alikwenda kwenye karatasi. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kuanzia chini, na nilijua anachelewesha kwa makusudi.

"Tisa," alisema aliporudi. "Basi shemeji, ile meza wataniachia mimi."

Tisa! Ninaiandika kwa alama ya mshangao, ambayo kwa kawaida siipendi.

Nimerudi nyumbani, nimepiga makofi yangu, nimekunywa chai. Lakini furaha hii ina deni la maneno, nami sitaki kulala nalo. Kwa hiyo nimeandika barua nyingine kwa Bwana Maganga. Anwani mbili. Kichwa kimepigiwa mstari: "Yah: Kasoro Iliyokuwa Jichoni Mwangu". Nakala kwa mwenyekiti na katibu, wale wale waliopata ya kwanza.

Ina aya moja tu. Jumatatu nitaipeleka kwa mkono wangu, na safari hii nitaketi mpaka amalize kuisoma.