Ukurasa Usio na Mwenyewe

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Wewe je, kikohozi kimekwisha? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu, masikio yangu unayajua.

Nyumba niliyohamia ni nzuri, ina mwanga wa kutosha wa kushonea. Ila kila asubuhi nagongewa mlango na kina mama wajawazito. Kumbe hapa palikuwa kliniki yao. Ilihama mwaka juzi ikaenda nyuma ya soko, lakini wananionyesha simu zao: tovuti ya idara ya afya bado inasema ni hapa. Nimeweka benchi barazani, maana siwezi kumgeuza mtu aliyechoka bila hata maji ya kunywa. Sasa nitashona saa ngapi? Si ndiyo kazi yako hiyo, tovuti za serikali? Waambie wabadilishe.

Baba yako, ambaye sasa ni bawabu wa kliniki

Tarehe 9 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi nimepona, nakohoa tu nikicheka, na barua yako imenikohoza sana.

Nimeufungua ukurasa huo. Haujaguswa tangu kliniki ihame. Ramani inaelekeza mlangoni kwako, na namba ya simu haipatikani. Shida ni kwamba ofisi yetu haiandiki tovuti za idara, inaziwekea viwango tu: lugha iwe nyepesi, ukurasa ufunguke hata kwenye simu ya bei rahisi, asiyeona aweze kusomewa na simu yake, na kila ukurasa uwe na mtu anayewajibika nao. Mwongozo unasema huyo peke yake ndiye anayebadilisha maelezo, la sivyo kila mtu atajiandikia anachotaka. Aliyekuwa na ukurasa wa kliniki amestaafu, na hakuna aliyepewa nafasi yake. Nimewaandikia idara. Nivumilie kidogo, Baba.

Binti yako

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mwili wangu haujambo, moyo ndio hauko sawa.

Jana mchana, mvua ikimwagika, alikuja binti mmoja na mama mkwe wake. Uchungu ulikuwa umeshamshika. Nikawaambia kliniki imehama. Yule mama akanitazama kana kwamba namfanyia utani.

"Mzee, tufungulie tu," akasema. "Imeandikwa hapa."

Binti akakaa kwenye benchi, akashindwa kuinuka. Nikakimbia, na goti hili, kumwita jirani mwenye gari. Barabara ya sokoni ilikuwa imejaa maji, ikabidi wazunguke mbali. Mtoto alizaliwa garini, mbele ya lango la kliniki. Wote wawili wako hai, lakini mama amepoteza damu nyingi na wamemlaza. Nimetoka kumtazama sasa hivi. Hakuweza hata kuniitikia.

Unasema ukurasa hauna mwenyewe. Sawa. Lakini mlango unaye, ni mimi, na sijui nitamwambia nini atakayekuja kesho.

Baba

Tarehe 5 Aprili

Shikamoo Baba,

Anaendeleaje yule dada? Niandikie hata neno moja.

Barua yako niliisomea kazini, kisha nikamsomea mkuu wangu yote.

"Huo mwongozo si uliuandika wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi," nikamwambia. "Niliwafikiria wanaokaa ofisini. Aliye njiani sikumfikiria."

Tukakaa kwenye simu hadi mkubwa mmoja wa idara akakubali. Kabla ya kufunga ofisi ukurasa ulikuwa umebadilishwa: kliniki iko nyuma ya soko, na namba ni ya muuguzi wa zamu. Niliipiga mwenyewe, akapokea. Na mwongozo tumeuongezea kifungu: ukurasa ukikosa mwenyewe, ofisi yetu inaushika siku hiyohiyo, na juu yake tunaandika kwa herufi kubwa kwamba mtu apige simu kabla ya kutoka nyumbani.

Niambie kama bado wanakuja.

Mwanao

Tarehe 21 Aprili

Baba, shikamoo.

Hujanijibu. Jirani yako anasema u mzima na cherehani inasikika, basi najua ni mimi unayeninyamazia. Nimeomba ruhusa. Ijumaa nakuja, na nyumba hiyo sijawahi hata kuiona.

Binti yako

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Nashukuru kusikia umefika salama. Mimi sijambo, na yule binti amerudi kwao, mwanawe ananenepa.

Ulipokuwa hapa hukuniuliza kwa nini nilinyamaza, nami sikusema. Sikuwa na hasira. Watu waliacha kuja, nyumba ikapoa, na kila nilipotaka kukuandikia niliona aibu kulalamika tena, safari hii kwa sababu hakuna anayenigongea.

Halafu Jumamosi ile akagonga mjamzito mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Nilikuwa napiga pasi, ukafungua wewe. Dada yake alikuwa amempa picha ya ukurasa wa zamani. Ungeweza kumnyooshea mkono tu, akaenda. Badala yake ulimpokea mtoto, ukavaa ndara zangu, mkaondoka wote. Niliwachungulia dirishani hadi mlipokata kona.

Ulirudi na matope hadi magotini, ukasema soko lina migongo miwili na ukurasa hausemi ni upi. Hata chai hukunywa, ukampigia mtu simu. Leo nimemwomba jirani anifungulie ukurasa. Umeandikwa: nyuma ya soko, upande wa wauza mkaa.

Jana kinyozi aliniuliza binti yangu anafanya kazi gani huko serikalini. Siku zote huwa nasema kompyuta, mazungumzo yanaishia hapo. Jana nikamwambia anawaelekeza watu njia. Akaniuliza kama ni askari wa barabarani. Nikamwambia ndiyo, karibu na hapo, nikakaa sawasawa aendelee kuninyoa.

Baba yako