Makaroni kwa Muuza Nyama

Jumatano, 4 Juni

Bado sijazoea. Nikisikia ufunguo wake mlangoni naacha kila kitu — leo nimeacha hata bomba linatiririka! Kanicheka, kalifunga, kanibusu kwenye paji la uso. Jamani, huyu mwanamume ni wangu. Wangu kabisa, kwa cheti!

Jumamosi tunaangalia filamu nyumbani. Ameazima projekta kazini kwao (mume wangu ni fundi umeme), na lile shuka jeupe la harusi tutalitundika ukutani. Nikasema, basi tumwalike Baba. Akasema Baba atakuja, maana filamu za farasi na bastola hazimpiti. Ila hatakula.

Hapo ndipo penye kidonda. Baba mkwe ni muuza nyama. Bucha lile limemlea mume wangu na dada yake na kuwasomesha. Na mwanawe wa pekee wa kiume hali nyama, hali mayai, hanywi maziwa — hagusi chochote cha mnyama, tangu yuko sekondari, alipochinjwa mbuzi aliyekuwa amempa jina. Pale buchani wanamwita Bwana Karoti. Baba hajawahi kumgombeza. Ila tangu hapo hajala naye meza moja. Kila mara, "Nimeshiba." Hata harusini kwetu! Alishiba maji.

Nitapika, na Baba atakula. Sishindwi na mzee mmoja mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia wifi, anayeishi na Baba. Kusikia napika makaroni bila jibini, akacheka mpaka simu ikakoroma. "Wifi, unamlisha Baba au unamfuga? Si ummwagie nyasi tu!" Nikamwambia penye nia pana njia. Akasema njia ipo, lakini Baba ana geti na kufuli.

Halafu akashusha sauti. Kumbe Baba huwa anauliza. Akimaliza kufunga bucha, akiwa ananawa mikono, bila kumtazama mtu: yule anakula nini huko kwake? Hajakonda?

Nimelia kwenye kitambaa cha jikoni. (Nilikuwa nakata vitunguu pia, tusizidishe.)

Ijumaa, 6 Juni

Majaribio ya sosi ya makaroni. Viazi na karoti za kuchemsha, korosho zilizolowekwa, kitunguu saumu, ndimu. Vyote kwenye blenda — nikasahau kifuniko! Dari limekuwa la rangi ya machungwa. Karoti wangu akapanda kiti, akachovya kidole juu, akaramba. Dari ni tamu, akasema, limepungukiwa chumvi tu.

Nampenda, nampenda, nampenda.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika chumbani, mlango nimeurudishia. Nianze mwanzo.

Baba alifika mapema, mwenzangu akiwa amekwenda kufuata spika kwa jirani. Shati limepigwa pasi, chupa ya chai kwapani. Shikamoo, marahaba, hamjambo humu. Akakataa kukaa sebuleni. Akasimama jikoni akiitazama sufuria yangu kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Nikamwomba anikorogee sosi isishike chini, nikakimbia kuvaa gauni la bluu.

Kurudi — harufu! Supu ya mifupa. Chupa ya chai iko wazi, tupu. Baba anakoroga, uso unang'aa, sijawahi kumwona hivyo.

"Nimeonja mchuzi wako, mkwe. Ulikuwa mnyonge. Nimeusaidia."

Nikasema, Baba, lakini mwanao hali nyama.

Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Nyama iko wapi? Chungulia! Nimeichuja mara mbili kwa kitambaa. Nyama ni nyama, mwanangu. Supu ni maji."

Kumbe mzee kaamka alfajiri kuichemsha. Makusudi! Ili mwanawe ale kitu kutoka mikononi mwake, bila kumvunjia nadhiri.

Nifanyeje? Nikinyamaza, mume wangu atakula asijue, na wote watafurahi. Nilifikiri hivyo, kwa muda, Mungu anisamehe. Lakini sikuolewa ili nimlishe mume wangu uongo. Nikamshika Baba mkono. Nikamwambia taratibu: hata maji yake, Baba.

Uso ukazimika. Akauweka mwiko chini.

"Alipokuwa na homa, mwaka ule alioacha nyama," akasema, "alinirudishia bakuli la supu limejaa. Nikajua ananikataa mimi."

Akaanza kutafuta kofia aondoke. Nikaikalia! Naam, nimekalia kofia ya baba mkwe, aibu ya mwaka. Nikamwambia viazi bado vipo, korosho zimebaki bakuli zima, ila peke yangu sitawahi. Nikampa kisu. Akakipima kwa kidole gumba, akanung'unika kwamba hiki si kisu, ni kijiko. Akakinoa kwenye kitako cha kikombe. Halafu — wee! Karoti zikaanguka vipande sawasawa, kama zimetoka kiwandani.

Ndipo ufunguo ukalia mlangoni. Karoti wangu akaingia na spika kifuani, akamkuta baba yake ndani ya aproni yangu ya maua. Akaitazama sufuria ya kwanza. Akaitazama chupa. Pua yake haihitaji kuambiwa. Akatua spika, akaosha mikono, akachukua kiazi.

Mimi nikatoroka.

Projekta tuliiacha inawaka. Farasi wanakimbia kwenye shuka letu la harusi bila sauti, bila mtazamaji. Nawasikia hao wawili kupitia ukuta.

"Na chumvi je? Hiyo inaruhusiwa?"

"Chumvi haina mama, Baba."

Kikohozi — au kicheko, kwa Baba huwezi kujua. Blenda ikanguruma. Baadaye mlango wa oveni. Sasa harufu ya kitunguu saumu inapita chini ya mlango na mimi sithubutu kutoka, nisije nikakivunja hicho kilichoko jikoni.

Mchana niliishiwa ujasiri, nikaandaa mezani sahani mbili tu, nisimpe Baba kazi ya kusema ameshiba. Haya, mtu amefungua kabati la vyombo. Nasikia sahani inachomolewa —