Swali la Bosi Baada ya Kongamano

Chumbani kwangu, ghorofa ya pili,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi, na pole kwa zamu za wodini huko ugenini. Mgongo unaendeleaje? Wale wagonjwa wako wazee bado wanagombania kukuita binti yao? Huku watoto wako hawajambo. Mkubwa amerefuka mpaka suruali zinamkimbia. Mama ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua kwenye ngazi. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina.

Nilikwambia kwenye simu kwamba bosi atanipeleka kwenye kongamano la teknolojia. Nilikwenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na ushamba haukujificha. Walinipa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikakivaa mpaka kwenye basi la kurudi, najiona mtu.

Mada ilikuwa mashine pepe. Kwa lugha ya nyumbani, kompyuta moja kubwa inagawanywa ndani kwa ndani, na kila sehemu inafanya kazi kama kompyuta kamili. Chumba kizima cha kompyuta za ofisi, zile seva tunazozitunza mimi na Shemeji, kinaweza kuingia kwenye kabati moja, na mtu mmoja akakisimamia akiwa mezani kwake.

Mtoa mada akashika waya wa umeme wa mashine iliyokuwa ikifanya kazi. Sasa Dada, unajua mumeo alivyonilea kwenye kile chumba: waya hauguswi mpaka yeye aseme "sawa". Nilijikuta nimesimama katikati ya ukumbi napiga kelele, "Usichomoe!" Watu wakaangua kicheko. Akachomoa. Kazi yote ikahamia mashine ya pili, wala picha kwenye skrini haikusita. Walinipigia makofi utadhani mchekeshaji. Na mimi nilicheka, halafu nikamkumbuka Shemeji, kicheko kikanikauka.

Maana Shemeji anazipenda zile seva. Ya mishahara anaiita Bi Mkubwa kwa sababu haipendi kuharakishwa, ya barua pepe anaiita Umbea. Anazifuta vumbi kwa brashi ya rangi, na feni ikibadili sauti anaacha chai yake ipoe. Kazi hii mimi niliipata kwa mkono wake, nilipokuwa sina mbele wala nyuma. Hata hivyo bosi alinituma mimi, eti kijana ndiye atakayeelewa haraka.

Alhamisi bosi aliniita, nikamsimulia. Akauliza, "Tukifanya hivyo, kile chumba kitahitaji watu wangapi?" Nikajibu kabla sijafikiri, "Mmoja." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi Jumatatu uniambie ni nani kati yenu wawili."

Nina hasira naye mpaka sasa. Mtu mzima, analipwa kwa ajili ya kuamua, halafu kisu ananikabidhi mimi! Na kinywa changu nacho, kingekaa kimya kingepungukiwa nini?

Mumeo hajui lolote. Kila asubuhi ananivutia kiti karibu yake: "Haya Shemeji, nifundishe ulichokiona huko, nisije nikaachwa." Nampiga chenga, nasema nimebanwa na kazi. Jana alisema basi, atasubiri nikipata nafasi. Niliona aibu, nikaenda kusimama chooni.

Nikuambie ukweli, kwa kuwa wewe hukuwahi kunilea kwa uongo. Ile nafasi naitaka. Mke wangu ni mjamzito, na kazi ile naiweza. Ningekuwa siitaki, ningelala.

Kesho naenda nyumbani kwenu. Nitamwambia yote, hata hilo la kuitaka, kabla bosi hajasikia neno kutoka kwangu. Halafu nitamfundisha kila nilichojifunza, kama atataka kuniona tena. Jumatatu nitamwambia bosi wote wawili tunaiweza, achague mwenyewe.

Wasalimie huko Shangazi na mwenzako wa chumbani, yule mshonaji. Mama anasema ule vizuri. Mungu akutunze huko ugenini na akurudishe salama.

Barua hii ikikufikia, Shemeji atakuwa ameshajua. Tafadhali usimpigie kunitetea kwa kuwa mimi ni ndugu yako. Mpigie kwa kuwa yeye ni mume wako, na akinisema vibaya, mwache aseme mpaka amalize.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopa,
Kitinda Mimba